Naomba ushauri: nilichokiita cha kwanza kila siku kinakuwa cha mwisho

Mshonaji wa Katuba
Ndugu zangu, mimi ni mshonaji, ninaishi Katuba hapa Lubumbashi pamoja na mume wangu na watoto watatu. Mwezi wa kwanza niliandika katika daftari mambo matatu ambayo mwaka huu yangetangulia mengine yote: kukaa na watoto jioni wakiandika kazi za shule, kuweka akiba ya kununua mashine ya pili, na kutibu mgongo unaonisumbua. Daftari lipo bado juu ya kabati, ila limefunikwa na vitambaa vya wateja. Nikiamka, mtu yuko mlangoni na kitenge cha harusi ya Jumamosi. Mchana wifi ananituma soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, kwa kuwa "wewe unashinda nyumbani tu". Jioni kuna matanga. Shule zilipofunguliwa mwezi wa tisa, nilishona sare za bluu na nyeupe za watoto wa mtaa mzima, naye mwanangu wa kwanza akaenda darasani na suruali ya mwaka jana, iliyomwishia juu ya vifundo vya miguu. Hakulalamika, na hilo ndilo linaloniuma. Nifanye nini bila kuonekana nimewatupa ndugu na wateja?

Mwalimu mstaafu, Kamalondo
Mama, Eisenhower, aliyekuwa rais wa Marekani, alisema mwaka 1954, akimnukuu mtu aliyewahi kuwa mkuu wa chuo, kwamba ana matatizo ya aina mbili, ya haraka na ya muhimu. Ya haraka si muhimu, na ya muhimu hayana haraka kamwe. Kitenge cha harusi kinakusukuma kwa sababu kina siku yake. Mgongo wako na madaftari ya watoto havikupangiwa siku, basi vinangoja mpaka viharibike.

Fundi wa Kampemba
Mwalimu, kwa heshima yako, Eisenhower alikuwa na makatibu wa kumzuia mgeni mlangoni. Dada huyu ana wifi. Mimi pia ni mshonaji, na kilichokuwa kikiniponza ni neno "nitajaribu", kwa maana mteja akilisikia huhesabu kwamba nguo imekwisha. Sasa ninaandika ubaoni idadi ya nguo ninazoweza kumaliza kwa juma, na ubao ukijaa, anayekuja hupewa juma linalofuata. Wateja wawili waliondoka kwa hasira, mmoja akarudi. Suruali ya mwanao nayo iandikwe ubaoni kama ya mteja aliyekwisha kulipa.

Mama wa Ruashi
Matanga usiyaache, mdogo wangu, kwani siku yako watakuja nani? Lakini kutoa rambirambi na kukesha ni mambo mawili, na aliyefika saa kumi na moja akaondoka saa moja hajamtupa mtu. Kuhusu wifi, ni kaka yake anayepaswa kuzungumza naye, si wewe. Tena naona mumeo umemtaja mara moja tu: je, daftari hilo amelisoma?

Mshonaji wa Katuba
Hajalisoma, mama; niliona ni mambo yangu peke yangu. Ubao nitautafuta kwa seremala jirani. Mtoto nimempima leo, kitambaa cha bluu kilichobaki kinatosha suruali moja, na kwa sasa jina lake nimeliandika kwa chaki mlangoni, juu ya ile harusi. Mume wangu anarudi kutoka Kasumbalesa siku ya Ijumaa. Nitampa daftari kabla hajavua viatu.