Mji Mkongwe wa Unguja umetusaidia nini sie wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji?

Mtu_wa_Michenzani
Nauliza bila ubaya. Tangu 2001 Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya UNESCO, na kila mkutano tunaambiwa urithi ndio maendeleo yetu. Haya, yako wapi? Nyumba aliyokaa babu yangu mtaa wa Malindi, humo humo Mji Mkongwe, leo ni hoteli. Nikisimama mlangoni mlinzi ananiuliza namtaka nani. Waliokuwa wakicheza bao barazani wamehamia Fuoni na Kwerekwe. Waliobaki ni mapapasi wanaokimbizana na wageni. Tukitunza kuta watu wakaondoka, tumemtunzia nani?

BintiShangani
Kakangu ni papasi. Amesomesha wadogo zetu watatu kwa hao wageni, na Kitaliano anakitema kama kazaliwa nacho. Una hoja, iseme, ila mkate wa mtu uuwache.

Mtu_wa_Michenzani
Kakako sikumtaja.

BintiShangani
Umewataja wote. Halafu ni 2000. 2001 ni Lamu.

FundiChokaa
Mie nazipiga plasta nyumba hizo mwaka wa 18 huu. Ukuta wa kule ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Unakunywa maji na kuyatoa. Mwenye nyumba ana haraka, analeta saruji. Saruji inaziba, chumvi inajaa ndani, baada ya masika kadhaa plasta inabanduka na jiwe lake, ukigusa ni unga kama wa muhogo. Chokaa yataka kulowekwa shimoni wiki na wiki, nani ana subira? Dari ni boriti, ndiyo maana vyumba vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti. Beit el Ajaib, lile jumba kubwa la masultani, ilivyoporomoka Desemba 2020, wakafa watu wawili, kila mtu akajifanya fundi kwa wiki moja. Mimi nala kwa urithi huu, lakini sina kijana hata mmoja wa kumwachia mwiko. Hilo ndilo swali, si mapapasi.

Mbara_wa_Tandika
Jamani ndugu zetu mna bahati hamjui. Ile milango ya Kiarabu yenye misumari ya shaba ya kuzuia tembo, peke yake inatosha kulisha kisiwa.

BiMkubwa_Mkunazini
Tembo? Mwanangu, Unguja tembo tunayemjua ni wa kugema. Huyo kweli anaangusha watu, lakini hazuiliwi kwa misumari 😂

Mbara_wa_Tandika
Mtembeza wageni ndiye aliniambia.

Mtu_wa_Michenzani
Mnaona? Papasi huyo.

BintiShangani
Unaanza tena.

Gujarati_wa_Hurumzi
Na si ya Kiarabu yote. Iliyopinda juu kama upinde ni yetu Wahindi. Ya Waarabu imenyooka.

Mswahili_Halisi
Kila kitu cha Mswahili lazima kipate baba mwengine! Nenda Siyu, kisiwani Pate, uone milango ya Waswahili. Hata hiyo "yenu", aliyeshika patasi alikuwa nani? Nyie mnahesabu aliyelipa tu.

Gujarati_wa_Hurumzi
Mafundi walikuwako kutoka Kutch, India, vilevile, bwana. Na mie babu wa babu yangu kazikwa hapa hapa, unanirudisha wapi?

Mswahili_Halisi
Sijakurudisha popote. Umejirudisha mwenyewe uliposema "yetu".

BiMkubwa_Mkunazini
Haya, mlango mmoja unagombaniwa na makabila manne, na hakuna anayeupaka mafuta.

FundiChokaa
Mwanzilishi, nyumba ya babu yako mlango wake upo?

Mtu_wa_Michenzani
Haupo. Uling'olewa kabla hoteli haijafunguliwa. Mwaka jana nimepeleka samaki hoteli nyengine, huko shamba, nikauona. Ubao mmoja, umetiwa kioo juu, umekuwa meza ya chai. Nimeujua kwa msumari mmoja uliokosekana pembeni, tuliung'oa mimi na binamu yangu tukapigwa.

FundiChokaa
Na mfaa je, ule ubao wa katikati? Kizingiti cha juu? Pale ndipo huchongwa aya na mwaka.

Mtu_wa_Michenzani
Sikuviona. Nilikuwa na ndoo ya pweza mkononi, nikaambiwa nipite nyuma.

BintiShangani
Ukiwa na picha ya zamani tuma. Kakangu anawajua madalali wa milango wote. Lakini kwanza uniombe radhi.

Mbara_wa_Tandika
Sasa ile misumari ni ya nini?

BiMkubwa_Mkunazini
Ya kukuonyesha wewe kwamba mwenye nyumba ana pesa.