Naomba msaada: kutumia kipande tu cha renji inayojiongeza kwenye fomula ya Excel, siku ya 3 sipati usingizi

Kipepeo_Moro
Wakuu habari za jioni. Nina faili la Excel la kikundi chetu cha kukopeshana, shiti inaitwa Mikopo, kolamu A mpaka E, yaani namba ya mkopo, jina, tarehe, alichokopa, salio. Nikatengeneza renji, yaani eneo la seli, nikaipa jina MikopoYote ili nikiongeza mtu chini ijiongeze yenyewe, nimetumia hii:

=OFFSET(Mikopo!$A$2,0,0,COUNTA(Mikopo!$A:$A)-1,5)

Sasa kwenye shiti ya ripoti nataka nikiandika jina kwenye B4 salio lije. Nimeweka INDEX(MikopoYote,MATCH(B4,MikopoYote,0),5) inatoa #N/A, yaani haijapata kitu, kila mahali. Nahisi MATCH, hiyo inayotafuta jina lipo mstari wa ngapi, inataka kolamu moja, sasa nitaikataje kolamu ya majina peke yake humo humo ndani ya MikopoYote bila kuanza kutunga majina mengine matano? Kikao ni Jumamosi. Naombeni msaada wa haraka.

Babu_Kijiwe
Daftari la kaunta na kalamu ya bluu. Nimeweka hazina miaka 11 sijawahi kuona #N/A.

mama_wawili
Mimi hivi vikundi nilishatoka. Tulianza wanawake 30 tunapendana, mwaka wa pili hatusalimiani sokoni, na mwenye daftari kajenga. Samahani mleta mada siyo jibu la swali lako ila nimekumbuka.

fundi_seli
Tumia VLOOKUP mkuu, mbona unajitesa.

Kipepeo_Moro
@fundi_seli VLOOKUP inatafuta kolamu ya kwanza tu, na kolamu yangu ya kwanza ni namba ya mkopo. Watu hawakumbuki namba zao, wanakumbuka majina yao.

Msukuma_wa_Data
Mleta mada upo karibu sana. INDEX ukiiwekea 0 kwenye nafasi ya mstari inakupa kolamu nzima. Kwa hiyo kipande chako ni INDEX(MikopoYote,0,2), hapo umeshika majina tu, na kikijiongeza MikopoYote na chenyewe kinajiongeza. Fomula yote:

=INDEX(MikopoYote,MATCH(B4,INDEX(MikopoYote,0,2),0),5)

Ukitaka kukata na mistari, mfano mistari 10 ya kwanza ya kolamu hiyo, unaunganisha INDEX mbili kwa nukta pacha: INDEX(MikopoYote,1,2):INDEX(MikopoYote,10,2). Ila usije ukajaribu kuita hilo jina kupitia INDIRECT, kwa renji ya OFFSET itakupa kosa la #REF! mpaka ulie.

fundi_seli
Au abadilishe iwe tebo, Ctrl+T, halafu XLOOKUP. Tupo karne ya ngapi hii.

Kipepeo_Moro
@fundi_seli kompyuta ya kikundi ina Excel 2010, hiyo XLOOKUP haipo. Na tebo sitaki, inaleta marangirangi. OFFSET nimeshaizoea.
@Msukuma_wa_Data imekubali ubarikiwe sana!!! Ila kuna watu wachache salio lao linatoka 0 na wanadaiwa, hiyo ni kawaida?

Msukuma_wa_Data
0 au #N/A?

Kipepeo_Moro
0.

Msukuma_wa_Data
Mtu asiyeonekana kwenye renji hatoi 0, anatoa #N/A. Nini kingine umeweka kwenye hiyo fomula?

Kipepeo_Moro
Nimeizungushia IFERROR, ikitokea kosa iandike 0, ripoti ikiwa na #N/A inaonekana ya kihuni.

dullah_hadweya
Hahahaa mkuu, hapo umeziba mdomo kengele ya moto. Mimi yalinikuta dukani. Kijana wangu aliandika VLOOKUP akasahau FALSE mwishoni, ile ya kutaka kitu kilingane kamili, Excel ikawa inachukua bei ya jirani tu maana orodha haikuwa imepangwa, bawaba tukauza kwa bei ya misumari karibu wiki nzima, wateja walikuwa wengi mpaka nikasema biashara imefunguka. Nikaanza na kutoa sadaka.

wa_Kayole
Huku Nairobi kwa chama yetu kila mtu ana faili yake kwa simu, siku ya mkutano tunalinganisha. Vita ni lazima lakini hesabu inatoka sawa.

Msukuma_wa_Data
Kipepeo jibu haya matatu usiruke. Wanaotoka 0 ni wangapi, wako sehemu gani ya orodha, na kolamu A ina mistari wazi katikati?

Kipepeo_Moro
Wako 6. Wapo chini kabisa, mkopo wa 62 mpaka 67, wote wa Julai. Mistari wazi ipo ndiyo, mwezi ukiisha naacha mmoja, Januari mpaka Juni, ili isomeke vizuri. Sidhani kama inahusika.

Msukuma_wa_Data
Miezi 6, mistari wazi 6, watu 6. COUNTA inahesabu seli zenye kitu tu, haijui orodha inaishia wapi. Una mikopo 67, renji yako inaanza mstari wa 2 inashuka mistari 67, inaishia mstari wa 68. Orodha yako inaishia wa 74. Hao 6 wamebaki nje, halafu IFERROR ikawasafisha madeni. Kipande unacho siku nyingi, ila siyo kile ulichokuwa unaomba.

Babu_Kijiwe
Daftari haliwezi kufanya hivyo.

mama_wawili
Swali dogo tu. Hao 6 ni akina nani?

Kipepeo_Moro
Wanachama wa kawaida. Mimi swali langu lilikuwa la kolamu na limeshajibiwa, nashukuruni.

mama_wawili
Mwanangu, wewe upo humo?

Kipepeo_Moro
Mkopo wa 65 ni wangu. 1,200,000. Ila sikujua!! Nimegundua jana usiku ndiyo maana sikulala, na tatizo siyo hilo, tatizo ni kwamba nakala ya kwanza nilishachapisha nikampa mwenyekiti Alhamisi. Nikileta nyingine yenye namba tofauti wataona nimechakachua. Ndiyo nikafikiria bora niache hii ya kwanza ipite, halafu mwezi wa nane narekebisha taratibu. Deni langu si nalipa lakini?

dullah_hadweya
Duh.

fundi_seli
Ungeweka tebo.

mama_wawili
Taratibu! Hata yule wetu alianza taratibu, na nyumba ina ghorofa sasa hivi. Peleka karatasi mpya kesho asubuhi, usimsubirishe mtu akuumbue mbele ya watu.

Chumvi_Kijiko
Samahanini wakuu, hii ni chai. Huyu jamaa mwezi uliopita alileta uzi kwamba yupo Muscat anatafuta kazi ya udereva. Leo ni mweka hazina Morogoro? Halafu hesabu ya 6, 6, 6 imekaa vizuri mno. Mtu anataka tu sifa za kuandikiwa fomula.

dullah_hadweya
Aisee nimeenda kuutafuta huo uzi, kweli upo.

Kipepeo_Moro
Ule aliandika mdogo wangu, tunachangia simu. Na sita ni sita tu wakuu, Januari mpaka Juni hata nyie hesabuni, mnataka niseme saba?

Chumvi_Kijiko
Mdogo wako na akaunti yako na picha yako. Sawa.

wa_Kayole
Hata kama ni stori ya kutunga, hiyo 0 ndani ya INDEX nimeijaribu saa hii na imefanya. Mimi niko sawa.

Msukuma_wa_Data
Chai au siyo chai, fomula ni ile ile. Bonyeza Ctrl+F3, futa hiyo OFFSET, weka hii:

=Mikopo!$A$2:INDEX(Mikopo!$E:$E,MATCH(9.99E+307,Mikopo!$A:$A))

Hiyo namba kubwa MATCH haiwezi kuifikia, kwa hiyo inaenda kusimama kwenye namba ya mwisho kabisa ya kolamu A hata katikati kuwe na mistari wazi. Inataka namba za mikopo ziwe namba kweli, siyo maandishi. Faida nyingine, OFFSET ilikuwa inahesabu upya kila ukigusa seli yoyote ile, hii haikusumbui hivyo. IFERROR itoe, au weka neno "HAYUPO", lakini siyo 0.

Kipepeo_Moro
Nimeweka. Wote 6 wametokea, jumla ya madeni imepanda kwa 4,150,000. Nimempigia mwenyekiti simu mara mbili hapokei, nimemwandikia meseji kwamba karatasi ya Alhamisi asiitumie.

mama_wawili
Umemwambia na kwa nini?

Kipepeo_Moro
Nimemwambia ni shida ya kompyuta. Mengine nitamweleza uso kwa uso.

Msukuma_wa_Data
Na ile mistari wazi umeifuta?

Kipepeo_Moro
Hapana mkuu, ile nimeiacha. Inapendeza.