Tukichota wananchi mia kwa bahati nasibu, tutapata Bunge baya kuliko hili?

Mnubi wa Bombo: Nauliza kwa nia njema. Mwaka 2005 wabunge wetu wa Uganda walipewa shilingi milioni 5 kila mmoja, ukomo wa mihula ya rais ukaondoka. 2017 wakapewa milioni 29 "za kwenda kushauriana na wananchi", ukomo wa umri wa rais, miaka 75, nao ukaondoka. Tukiweka majina yetu kwenye ndoo tukachota mia, tutaharibikiwa zaidi? Ireland walichota wananchi 99 wakazungumzie utoaji mimba, jambo ambalo wanasiasa walikuwa wanalikwepa. 2018 nchi ikapiga kura, likaisha. Hata mwendesha boda anaiweza kazi hii.

Boda Kawempe: "Hata"? Hebu soma tena ulichoandika, ssebo.

Mama Rahma, Jinja: Hao 99 walishauri tu, hawakutawala. Halafu kwetu mbunge lazima awe na S6, yaani kidato cha sita, Katiba inasema.

Boda Kawempe: S6 ninayo. Na kutawala tunatawala. Steji yetu tuko 34, kila jioni mtu anatoa 2,000. Daftari liko kwa mmoja, sanduku liko kwa mama wa chapati, ufunguo kwa mwingine kabisa. Mwenyekiti alijikopesha laki tatu bila kuuliza. Siku ya nne alikuwa anatafuta abiria barabarani kama mgeni. Bungeni umeona nani akitolewa siku ya nne?

Mama Rahma, Jinja: Waambie na kijana anayetaka kujiunga anadaiwa shilingi ngapi kabla hajapakia abiria wa kwanza.

Boda Kawempe: Hiyo ni ada.

Mama Rahma, Jinja: Na zile 29 zilikuwa nauli.

Mtu wa Arua: 😂😂 Ila mnasahau, mtu asiye mwanasiasa tulishampata. Idi Amin shule hakuwa nayo, chama hakuwa nacho. Tukakaa naye miaka 8.

Mnubi wa Bombo: Nilijua tu. Mtu akiandika Kiswahili kutoka Bombo, kwetu Wanubi, kabla ya jioni Amin ametajwa. Nani alimchota kwenye ndoo? Alikuja na vifaru 1971!

Mtu wa Arua: Ndugu yangu, mimi ni wa Arua, upande wa kwao Amin. Nikikutukana wewe kwa Amin nitakuwa najitukana mwenyewe. Na ndiye aliyekitangaza Kiswahili lugha ya taifa 1973, hilo mpe.

Mama Rahma, Jinja: Tulikijua vizuri pale kwenye vizuizi vya wanajeshi wake. "Kitambulisho! Lala chini!"

Mnubi wa Bombo: Haya, kosa ni la lugha sasa.

Mwalimu Mstaafu, Mbale: Wanangu, rudini kwenye swali. Wananchi wa kawaida wanatutawala tayari: wenyeviti wa LC1, baraza la kijiji. S6 haidaiwi, mshahara hakuna. 2018 tuliwapigia kura kwa kujipanga mstari nyuma yao juani, baada ya kungoja uchaguzi miaka 17. Wa kwetu muhuri anatembea nao kwenye mfuko wa shati, wino umetoboza kitambaa. Nilimfuata msibani nikitaka barua ya utambulisho, akaugongea pajani pale pale, maiti hajatoka. Elfu kumi.

Boda Kawempe: Kumi? Sisi tunalipa tano.

Mtu wa Arua: Mzee, umepigwa.

Mwalimu Mstaafu, Mbale: Nilimfundisha mimi huyo, darasa la nne.

Boda Kawempe: Pole mwalimu. Na huyu wa Bombo bado hajaniomba radhi kwa ile "hata".