TB 1 mnayotuuzia ni TB 1 ya nani? Watengeneza diski na Windows, mtatuchezea mpaka lini?

Wakuu, heshima kwenu. Leo naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na send-off. Mteja kaniletea laptopu yake ina folda la picha za sherehe mbili, Windows inasoma GB (gigabaiti) 944. Nikashuka Kariakoo, nikanunua diski ya eksteno, ile ya kuchomeka kwa nje, mpya, haijafunguliwa, boksi limeandikwa TB 1 (terabaiti moja, nikajua ni kama GB 1000) kwa herufi kubwa kama bango la uchaguzi. Laki moja na themanini ikanitoka. Narudi ofisini nachomeka, nakopi, kompyuta inagoma: nafasi haitoshi, ongeza kama GB 13. Nabofya kuangalia ukubwa wa diski, tupu kabisa, haina hata faili moja: GB 931.

Nampigia muuzaji, anacheka. "Boss, zote ndo zilivyo, hizo zilizopungua zimechukuliwa na mfumo." Mfumo gani? Diski haina kitu! Huu uongo umerudiwa kwenye maduka mpaka umekuwa elimu. Mafundi nao wanauhubiri kwa sura kavu kabisa.

Ukweli ni huu. Kiwandani wanahesabu kwa 1000. TB 1 kwao ni baiti (vile vipande vidogo vya data) 1,000,000,000,000, trilioni moja kamili, na baiti hizo kweli zipo ndani. Windows inahesabu kwa 1024. Inachukua trilioni hiyo, inagawa kwa 1024 mara tatu, inapata 931, halafu inaandika pembeni "GB". Herufi zile zile zilizo kwenye boksi! Ni lumbesa tupu: wote mnaita gunia, ila mwenye nguvu ndiye anayechagua gunia la ukubwa gani, na anayeumia siku zote ni yule yule.

Na msije na ile ya "tofauti ni ndogo". Ilikuwa ndogo enzi za kilobaiti, baiti 24 tu kwa kila elfu. Ukifika megabaiti ni karibu asilimia 5, gigabaiti imepita 7, terabaiti inakaribia 10. Yaani kadiri diski zinavyokuwa kubwa ndivyo pengo linavyopanuka. Nunua ya TB 4 uone, Windows itakuonyesha 3.63. Hapo zimeyeyuka GB za kutosha kuweka harusi nzima na vikao vyake vyote.

Kinachonichefua zaidi ni laptopu. Geuza laptopu yoyote dukani usome kile kistika: RAM GB 8, SSD GB 512. Kistika kimoja, mstari mmoja. GB ya RAM (kumbukumbu ya muda) imehesabiwa kwa 1024, GB ya SSD (diski ya ndani) imehesabiwa kwa 1000, ndiyo maana hiyo 512 ukiiwasha unaikuta 476. Hakuna alama, hakuna nyota, hakuna chochote cha kumwambia mnunuzi kwamba hapo katikati vipimo vimebadilika. (Na kwa wazee wenzangu: ile diski laini (floppy) ya MB 1.44 tuliyokuwa tunaipeperusha ilikuwa 1.44 mara 1000 mara 1024. Walichanganya vyote viwili kwenye namba moja! Huu mchezo haujaanza leo.)

Dawa ipo tangu 1998. Shirika la viwango vya umeme la kimataifa, IEC, lilitoa majina mapya ya hesabu za 1024: KiB, MiB, GiB. Windows wangeandika "GiB 931" nisingekuwa na ugomvi nao. Apple walikata shauri 2009, kompyuta za Mac zikaanza kuhesabu kwa 1000, kwa hiyo diski yangu hii hii ukiichomeka kule inasoma TB 1. Windows? Miaka yote hii kimya, kama hawahusiki.

Huko Marekani watu walienda mahakamani. Western Digital, watengeneza diski, walimaliza kesi nje ya hukumu 2006, wateja wakapewa programu ya kuhifadhi nakala. Seagate nao 2007 wakakubali kurudisha asilimia 5 ya bei au kutoa programu. Matokeo yake ni yale maandishi madogo nyuma ya boksi, ya saizi ya sisimizi, "GB 1 = baiti bilioni 1". Nani anayasoma pale Kariakoo jua la saa saba, watu wanakusukuma na mkokoteni?

Hata zile tovuti za kukokotoa hazisaidii. Uliza TB 1 ni GB ngapi, moja inakupa 1000, nyingine 1024, na zote zinajiamini.

Basi kwa anayekwenda kununua kesho: chukua TB za kwenye boksi, zidisha kwa 931, hizo ndizo GB utakazoziona kwenye Windows. Kama ni GB, zidisha kwa 0.93. Folda lako likisoma 900, usinunue TB 1 ukidhani una akiba ya mia.

Sitaki kusikia "ungenunua TB 2". Nimeshanunua, hela imekwenda, na mteja simdai hata shilingi ya nyongeza.

Swali langu ni kwa walio ndani ya kampuni za simu, mnaojificha humu kwa majina bandia: hilo bando la GB 1 mnalotukata kila siku, mita yenu inahesabu kwa 1000 au kwa 1024? Jibuni kwa namba, msiniletee link ya huduma kwa wateja.