Tupeane uzoefu: ulipoingia ziwa la chumvi la Manitou Beach

MamaFuraha
Jana binti yangu kaniletea picha ya darasa lao wamelala chali majini Manitou Beach, huku kwetu Saskatchewan, Kanada, nikamkumbuka mama mkwe. Alikuja kwetu Saskatoon akitokea Kalemie, na Ziwa Tanganyika lilishamchukulia kaka yake, kwa hiyo ziwa lolote kwake ni msiba. Aligoma kabisa kushuka garini. Jioni wajukuu wakambembeleza, akaingia hadi magotini, akajaribu kukaa, maji yakamnyanyua. Alilia kwa sauti, na sisi tukalia naye. Msimu unaanza, leteni visa vyenu.

Mmeru_wa_Nyanda
Kweli tupu dada. Yale maji yanakubeba utake usitake.

BabaTumaini
Mmenitonesha kidonda. Kisa changu ni kirefu, nivumilieni.

Ilikuwa Julai, familia tatu, nyama na majiko kwenye buti. Mnaijua ile njia: kanola na ngano, tambarare hadi macho yanachoka, unafika Watrous, kilomita chache mbele ardhi inashuka ghafla na ziwa liko pale chini, jembamba, refu, vijumba vimejipanga ukingoni. Kijana wangu wa miaka tisa akalala chali majini, karibu kabisa na tulipokaa. Sasa upepo wa huku hauna mlima wala msitu wa kuuzuia. Ulivuma mara moja kutoka magharibi, na mtu aliyelala juu ya maji yale anachukuliwa mzimamzima. Alipoona yuko mbali akajigeuza aogelee kifudifudi. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Miguu inapanda juu, kiuno kinapanda, uso ndio unashuka. Chumvi ikamwingia machoni na puani. “Baba, sioni!” Ile sauti hainitoki masikioni.

Mimi ni mtu wa Kigoma, nimejua kuogelea kabla sijajua kusoma. Lakini pale kila nikipiga miguu napiga hewa, maana haizami! Nilikwenda kwa mikono tu, na mtoto anazidi kusogea. Mzee mmoja Mzungu akanipita na mtumbwi wake wa plastiki, akamfikia, akamlaza chali, akamshika kidevu, akamwosha macho kwa chupa yake ya maji baridi yasiyo na chumvi huku anamwimbia. Tunafika ufukweni, simu zote zikalia kwa pamoja: tahadhari ya dhoruba. Hata vyombo hatujakusanya, ikaanza mvua ya mawe, mengine ukubwa wa yai la kuku. Tulijibana kwenye baraza la duka la aiskrimu, watoto katikati, akina mama wamewafunika kwa mataulo na miili yao. Magari mawili yalivunjika vioo vya mbele.

Kipepeo
Jamani! Macho ya mtoto je? Yalipona?

BabaTumaini
Yalipona, Mungu mkubwa. Mzee yule tunatumiana salamu kila Krismasi.

ShangaziRehema
Pole baba. Lakini nitasema: mtoto wa miaka tisa bila jaketi la kuokolea? Ziwa ni ziwa.

Mmeru_wa_Nyanda
Shangazi, mtu ametoka kueleza uchungu wake, wewe unamhukumu. Na jaketi la nini kwenye maji yasiyozamisha?

Nesi_Regina
Hapana kaka, usiwaambie watu hivyo. Maji yale hayakuzamishi mwili, ila ukigeuka kifudifudi na hujui kurudi chali unayanywa, na mtu hufa uso ukiwa majini hata kama mgongo uko juu. Watoto wavae majaketi. Wafundisheni kurudi chali: vuta magoti kuelekea kifuani, egemea nyuma, nyoosha miguu taratibu. Chupa ya maji baridi iwe mkononi mwa mtu mzima, isikae garini.

DadaSalome
Na wanawake msinyoe miguu siku ya kwenda. Nimemaliza.

Kipepeo
😭😭 Hii mngeiweka juu kabisa. Na vito vya fedha acheni nyumbani, vinabadilika rangi.

MwanaUvira
Mie natetea lile ziwa. Mtoto wangu alikuwa na pumu ya ngozi, tukawa tunakwenda, imetulia. Wenyeji wa asili, Wakrii na Waassiniboine, walilijua kama ziwa la tiba zamani sana. Wanasimulia kuwa enzi za ndui, 1837, wagonjwa waliachwa kando yake, wakanywa na kuoga, wakapona.

Nesi_Regina
Masimulizi yao nayaheshimu. Ngozi kutulia kwa chumvi naweza kukubali, wengine huwasha zaidi. Ila mtu asiache dawa ya daktari. Na kunywa, hapana: yamejaa magnesiamu na sodiamu, tumbo litakuendesha.

MwanaUvira
Nani kasema aache dawa? Soma vizuri.

Mwalimu_Otieno
Msigombane. Chumvi iko hivi: chemchemi na mvua zinaingiza maji, hakuna mto wa kuyatoa, jua linayakausha, madini yanabaki. Tangu barafu kuu ya zama za barafu iyeyuke mambo ni hayo, hadi chumvi imefika kama nusu ya ile ya Bahari ya Chumvi.

BibiHalima
Wanangu, mimi siingii majini. Mimi napenda Danceland, ukumbi wa dansi wa 1928 palepale ufukweni. Sakafu ya mbao imelazwa juu ya singa za farasi, ukicheza inakupokea, magoti hayaumi. Vijana wangu walinipeleka, wazee wa mashambani wakanivuta katikati nikacheza polka na khanga yangu kiunoni. Kijiji cha watu wasiofika 400, na hakuna aliyeniuliza natoka wapi kabla ya kuniuliza kama nataka chai.

Mmeru_wa_Nyanda
Bibi, Jumamosi nakufuata nyumbani kwako.

ShangaziRehema
Nami nimo garini. Majaketi ninayo ya kutosha, Baba Tumaini asinunue.

BabaTumaini
Ahsante shangazi. Kijana mwenyewe ndiye anayedai kurudi. Mama yake bado hajakubali.

DadaSalome
Nendeni asubuhi, upepo huwa mdogo.

Kipepeo
Nendeni jioni, joto limepungua na mwanga upo hadi saa tatu usiku.

MamaFuraha
Jioni mbu watawala. Asubuhi.