.41 Magnum, 10mm Auto na .40 S&W: ipi ilistahili kushinda?

Mzee_wa_Baruti: Wakuu habari za jioni. Nataka tulinganishe risasi za bastola za kipenyo cha kati, zile za katikati ya 9mm na .45 (namba ni kipenyo cha risasi, zenye nukta ni za inchi), kihistoria tu. Mimi kura yangu ni 10mm Auto, naona ilionewa.

Chuma_Kizito: Mkuu anza na .41 Magnum ya 1964. Wataalamu wa bunduki wakina Elmer Keith na Bill Jordan waliipigania sana iwe ya polisi wa Marekani, ila Smith & Wesson wakaitolea rivolva zenye fremu ileile kubwa ya .44 Magnum, sasa askari gani atabeba dude lile kiunoni kutwa nzima? Ikabaki kwa wawindaji.

Mzee_wa_Baruti: Ndo maana nasema 10mm. 1983 kampuni ya Norma ya Sweden walitoa risasi yenye kichwa cha greni 200 (kama gramu 13) inayokwenda futi 1,200 kwa sekunde, kwa bastola ya kawaida hiyo ni nguvu kweli kweli. Iliyoiangusha ni bastola yake ya kwanza, Bren Ten, watu wameletewa bila magazini na kampuni ikafa 1986. Bila Colt kutoa bastola yao ya 10mm, Delta Elite, 1987 tungeshaisahau.

dada_fizikia: Hapo kwenye nguvu ndo penyewe. Aprili 11, 1986 kule Miami FBI walirushiana risasi na majambazi wawili, risasi moja ya 9mm ilipita mkono wa mmoja wao, Platt, ikaingia kifuani ikasimama karibu kabisa na moyo, jamaa akaendelea kupiga, mawakala wawili wakafa na watano wakajeruhiwa. Baada ya hapo FBI wakapima upya kila kitu wakaipenda 10mm, lakini wakaipunguza kasi, greni 180 kwa futi kama 950 hivi, maana ile kamili inapiga teke sana, yaani inamrudishia mpigaji kwa nguvu. Sasa ukishapunguza baruti ganda linabaki na nafasi ya bure ndani, Smith & Wesson na Winchester wakalikata kutoka milimita 25.2 hadi 21.6, risasi ikatosha kwenye bastola ya saizi ya 9mm. Hiyo ndo .40 S&W, Januari 1990. Kwa hiyo mkuu 10mm haikuonewa, ilifupishwa kwa sababu ya msingi kabisa.

Chuma_Kizito: Na polisi wakahamia .40 kwa wingi, bastola ya .40 ya Glock 22 ilikuwa kila kona. Ila vichwa vya risasi vya 9mm vikaboreshwa mpaka FBI wenyewe wakarudi huko, teke dogo na zinaingia nyingi kwenye magazini.

Mzee_wa_Baruti: Sawa, ila leo porini kwenye dubu watu wanabeba 10mm, sio .40.

kitako_9: Jamani mbona .41 Action Express hamuitaji? Ya 1986, kitako cha ganda kimepunguzwa kikawa sawa na cha 9mm, unabadili mtutu na magazini kazi inaendelea. Wazo lilelile la .40, miaka minne kabla, ilichokosa ni kampuni kubwa nyuma yake.