Tupeane uzoefu: Uliupandaje Mlima Kilimanjaro, na ulijipanga vipi kabla?

Mwenye uzi (Dodoma)

Wakuu, habari za majukumu. Desemba, wiki ya Uhuru, tunapanda Kilimanjaro watu wanne kutoka kazini kwetu, njia ya Marangu. Naomba waliopanda kwa miguu yao waje hapa watuambie walivyojipanga: siku, mazoezi, nguo, na namna ya kukubaliana na kampuni ya kuwapandisha. Naanza mimi, maana nilishapanda mara moja na sikufika.

Kampuni ilinipa bei mbili, siku tano na siku sita. Nikaona hiyo siku ya ziada ni ya kukaa tu kambi ya Horombo bila kusogea, nikaikata, fedha nikanunulia viatu. Kambi ya kwanza, Mandara, nililala vizuri. Horombo, mita 3,720, kichwa kikaanza kugonga nyuma ya macho. Nikameza vidonge vya maumivu kimya kimya. Asubuhi mwongozaji ananiuliza nimelalaje, namjibu "safi kabisa". Nilijua nikisema ukweli nitarudishwa.

Tukavuka ule uwanda mkavu kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, upepo unapiga, hakuna hata kichaka cha kujikinga. Kufika kambi ya Kibo, mita 4,720, chai haipiti. Mwongozaji alinikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mkononi, nahangaika kufunga kamba zake wakati mguu haumo. Akanisimamisha, akaniambia nitembee mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Hatua ya tatu nikaenda upande. Hakubishana na mimi wala hakusubiri kukuche. Saa tatu usiku tukaanza kushuka, msaidizi wake kanishika mkono. Tulipofika Horombo kichwa kilikuwa kimeanza kuachia, na asubuhi nilikunywa uji vikombe viwili. Yule mwongozaji namshukuru mpaka leo.

Karibuni.

Mchangiaji wa Moshi

Asante kwa kuwa mkweli kaka, wengi wanaficha hiyo sehemu. Mimi nimekuwa mgumu miaka saba, sasa ni msaidizi wa mwongozaji. Wasiojua, wagumu ndio wapagazi, sisi tunaobeba mahema, chakula, gesi na mabegi yenu.

Kosa lako ni moja tu: ile siku hukai bure. Siku ya tatu tunawapeleka wageni mpaka kwenye mawe ya mistari, yale ya Pundamilia, kisha tunawarudisha kulala Horombo. Mwili unaonja juu halafu unapumzika chini. Kule kileleni, mita 5,895, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata pwani. Damu inahitaji siku za kuzoea hilo, na mazoezi ya gym hayaharakishi. Nimewashusha vijana wanaokimbia marathoni, nikawapandisha akina mama wa miaka 60 wanaotembea kama wanahesabu mawe.

Mkizungumza na kampuni, msiishie kwenye bei. Ulizeni wagumu wanalipwa shilingi ngapi kwa siku na wanalipwa lini. Wanalala wapi? Wanakula mara ngapi? Mzigo wa mgumu haupaswi kuzidi kilo 20, ndiyo maana getini kuna mizani. Lakini nimeshaona mzigo unapimwa vizuri getini, halafu mbele njiani kitu kinaongezwa. Kampuni inayokupa bei ya chini kuliko wenzake wote, ile tofauti imetoka mahali, na mara nyingi imetoka kwenye shingo ya kijana aliyebeba begi lako. Nimelala kwenye hema la jikoni usiku wa mvua, wanaume tisa, maji yanapita chini ya migongo yetu, na kesho yake tunatakiwa tufike kambini kabla ya mgeni ili akute chai. Hilo linaniuma mpaka leo kwa sababu wadogo zangu bado wanabeba.

Na bahasha ya asante siku ya mwisho, itangazeni mbele ya timu nzima, kila mmoja asikie kiasi chake.

Mchangiaji wa Dar

Mimi nilipanda njia ya Machame siku saba, mwezi wa tisa. Kwa sisi tunaoishi usawa wa bahari naona Machame ni nzuri, kwa sababu siku ya tatu mnapanda mpaka Mnara wa Lava, zaidi ya mita 4,600, mnakula chakula cha mchana pale, kisha mnashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Pale Lava nilitapika. Barranco nikala wali sahani nzima. Ubaya wake ni mahema, hakuna vibanda kama Marangu. Anayesumbuliwa na baridi usiku alifikirie hilo.

Mazoezi: miezi mitatu, ngazi za jengo la ofisi ghorofa kumi, begi la kilo saba mgongoni, kupanda na kushuka. Kushuka msikudharau. Kutoka kileleni mpaka geti la Mweka magoti yangu yaliteseka kuliko siku zote za kupanda, na kucha mbili za miguu zilitoka kwa sababu viatu vilinibana mbele. Viatu vinunuliwe mapema, vivaliwe mpaka vilegee, na kucha zikatwe fupi.

Nguo msinunue mpya zote. Nilishukia Moshi siku mbili kabla, nikaenda mitumba ya Memorial, nikapata koti la manyoya ya bata, suruali mbili za kuzuia upepo na mzula. Begi la kulalia na fimbo za kutembelea nilikodi. Jinzi acheni nyumbani, ikilowa haikauki.

Dada zangu, beba pedi hata kama tarehe yako iko mbali. Kule juu mzunguko unaweza kubadilika. Mimi ulinijia siku ya nne.

Mchangiaji wa Nakuru

Hamjambo ndugu zetu. Mimi nilianza na Mlima Kenya, njia ya Sirimon: nikalala kambi ya Old Moses, kisha Shipton's, nikafika kilele cha Lenana, mita 4,985. Wiki tatu baadaye nikapanda Kilimanjaro kwa njia ya Rongai, upande wa kaskazini unaotazamana na Loitokitok. Faida niliyoiona ni kuujua mwili wangu. Nilishajua kwamba nikipita mita 4,000 hamu ya chakula inapotea, kwa hiyo nilibeba njugu, tende na glukosi, nikawa nakula kidogo kidogo hata bila njaa. Ila msiupande Mlima Kenya mbio za wikendi mkidhani ni mazoezi. Watu wengi huugua pale kwa sababu hiyo hiyo ya haraka.

Mchangiaji mwingine

Vipi kuhusu zile dawa za mwinuko, Diamox? Mtu akizimeza si yuko salama?

Mchangiaji wa Dar

Mimi nilitumia, lakini nilimwona daktari kwanza kwa sababu kuna watu haziwafai, kama wenye mzio wa dawa za salfa. Zinasaidia mwili kuzoea. Ukishaugua na ukaendelea kupanda, hazikuokoi. Vidole vilikuwa vinanichonyota na nilitoka nje usiku kukojoa mara nne. Maji ndiyo kitu cha kuzingatia, mimi nilikunywa lita tatu na zaidi kwa siku.

Mchangiaji wa Moshi

Naongezea hapo. Jioni mwongozaji anakuwekea kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Namba itakuwa imeshuka, inashuka kwa kila mtu, usiogope. Mwambie tu ukweli: kichwa, tumbo, usingizi, kikohozi. Ukikohoa huku unakosa pumzi hata ukiwa umekaa, hayo ni maji yanaingia mapafuni, na tiba yake ya kwanza ni kushuka saa ile ile.

Mchangiaji wa Mwanza

Shikamooni wakubwa. Nisimulie usiku wa kilele, maana ndio watu wanauogopa. Nilipanda na baba yangu, akiwa na miaka 61, Marangu siku sita. Tuliamshwa saa tano usiku, saa sita tukaanza. Changarawe inarudi chini, unapiga hatua moja unapoteza nusu yake. Sikuona kitu zaidi ya mwanga wa tochi kwenye visigino vya baba. Kila alipoinua mguu alikuwa anatulia kidogo kabla hajauweka chini, na mimi nikajifunza kupumua kwa mwendo wake.

Chupa za maji tulizigeuza mdomo chini, kama alivyotuambia mwongozaji, kwa sababu barafu huanzia juu. Wenzetu waliotumia mpira wa kunyonyea maji, ule mrija uliganda hata kabla ya pango la Hans Meyer. Simu niliiweka ndani ya soksi kifuani ili betri isife.

Gilman's, pale ukingo wa kreta unapoanza, tulifika kunapambazuka, Mawenzi iko chini yetu nyeusi, wingu jekundu nyuma yake. Baba alikaa kwenye jiwe akavua glavu, akataka kugusa theluji kwa mkono mtupu. Alizaliwa mwaka 1961, mwaka ule ule Mwenge ulipowashwa pale juu, na alikuwa amelisema jambo hilo tangu tukiwa watoto. Tukatembea zaidi ya saa moja na nusu ukingoni mwa kreta mpaka kilele cha Uhuru. Hakusema neno pale kwenye ubao. Alisimama tu ameishika nguzo yake.

Mwenye uzi (Dodoma)

Nimesoma yote, na hiyo ya mzee nimewasomea wenzangu kwa sauti. Leo mchana nimeipigia kampuni: tumebadilisha, siku sita. Nimeuliza kuhusu malipo ya wagumu, mhusika akasita, akasema atanijibu kesho. Nasubiri jibu lake kabla sijalipa kianzio. Ndugu wa Moshi, nikupe majibu yake hapa hapa uyapime?

Mchangiaji wa Moshi

Yalete, kaka. Na muulize pia hema la kulala wagumu ni la watu wangapi.